Pini Nne

Kabla ya mbio kulikuwa na fagio.
Baba alipanda alfajiri na gari la manispaa,
akashushwa kona ya tano,
akafagia kokoto, mavi ya mbuzi, vioo vya taa ya lori,
akisema peke yake kile Kiswahili cha Pemba alikozaliwa,
kisicho na neno la baridi ya namna hii.

Hapa Birkat al-Mauz, birika la ndizi,
chini ya Mlima wa Kijani ambao ni wa kahawia,
pana kizuizi cha polisi na sheria moja:
gari lisilovuta kwa magurudumu manne halipandi.
Mwaka wa kwanza askari aliishika sheria hiyo hadi saa saba mchana,
mara wakamtokea watu wa magurudumu mawili,
wembamba kama njiti za mwavuli,
mia na ushee, kutoka nchi zenye mvua.
Hawakusimama.
Alibaki na mkono juu, kama anayeapa.

Mji ulidhani ni arusi.
Mwaka wa pili tulishajua kwamba hatua ni siku,
kwamba fulana nyekundu huvuliwa na kuvaliwa
kama cheo cha kaimu,
kwamba siku za mwanzo, kule pwani, ni porojo,
na mlima ndiye kadhi.
Mama alichemsha birika mbili za chai ya tangawizi.
Waliitupia jicho, wakahema, wakapita.

Kisha mwaka wa mchanga.
Tairi zilipasuka kwa joto moja baada ya nyingine, kama bisi.
Walijibanza chini ya daraja la barabara kuu,
wakabishana kwa lugha saba, wakagoma.
Jioni redio ikasema: hatua imefutwa.
Baba alikuwa ameshafagia.
"Na kufagia kwangu nako kumefutwa?"

Kisha mwaka wa barakoa. Barabara ilikuwa ya mbuzi.

Kaka yangu Sleyum, fundi viyoyozi wa Nizwa,
aliingia timu kwa sababu mwenzake alivunjika mtulinga.
Namba mia moja arubaini na tatu.
Mama alichomoa pini nne kwenye mtandio wake,
akambana namba mgongoni mwenyewe.
"Sikupi. Nakuazima."

Nilisimama na baba kona ya tano.
Wa kwanza wakapita, helikopta ikapita,
magari yenye baiskeli juu ya mapaa yakapita,
watu wakaanza kukunja viti.
Tukangoja.
Tukangoja tena.
Halafu yeye,
akiikata barabara mshazari kama mtu anayeshona kiraka,
chumvi nyeupe shingoni,
na nyuma yake lile gari linalowazoa waliochoka,
ambalo waendesha baiskeli wote hulijua kwa jina la fagio.
Dereva alitoa kichwa dirishani: panda, bwana, tuna maji baridi.
Sleyum hakujibu. Hakuwa na pumzi ya kujibia.

Baba, mtu asiyepiga kelele hata kwenye mpira,
aliingia katikati ya lami,
akaliinua fagio lake la kuti la mtende
na kumwambia kwa Kiswahili dereva yule Mbelgiji:
"Huyu namfagilia mimi. Wewe subiri."

Gari likasubiri.

Juu, lango la mwisho lilikuwa limeshatolewa upepo,
limelala barabarani, vijana wawili wanalikunja.
Alipita juu yake.
Karatasi ya matokeo iliandika: nje ya muda.

Usiku mama alinyosha kiganja.
Pini tatu.
"Na ya nne?"
"Imebaki mlimani."

Mbio tatu zimepita tangu hapo.
Walioshinda, ukiniuliza, nitakutajia mmoja, tena nitakosea.
Lakini kila Februari baba anashushwa palepale,
anaifagia kona yote upesi, kwa mkono wa kazi,
ila mita kumi za juu:
hapo huchuchumaa, huliweka fagio chini,
hupuliza vumbi kwa mdomo,
na gari la manispaa linampigia honi,
linampigia honi.