Sufuri za Nang'unda

Sijaona amefika kabla sijafagia duka,
flashi kaifunga pindoni mwa kanga
pamoja na elfu mbili na ufunguo wa ghala.
"Nakala nne. Wakulima wameshapanga foleni."

Nikafungua. Orodha imetapika.
Safu ya majina imeisukuma safu ya kilo,
na laki nne na themanini za Nang'unda
zimekatika kwenye koma: 480 imebaki juu,
sufuri tatu zimeteremka
zikakaa mbele ya jina la Litunu,
ambaye msimu huu hakuokota korosho hata debe.

"Kompyuta yako mbovu."
Si mbovu. Ina adabu kupita kiasi,
haijui kusema "sina".
Ukiiomba Calibri na Calibri haipo,
haigombi, haiulizi,
inaingia ndani, inatoka na mgeni mwingine
mnene wa mabega,
inamketisha kwenye kiti kilekile,
kimya.

Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika
fc-match Calibri.
Jibu likaja bila haya: DejaVu Sans.
Kumbe wewe! Herufi pana,
zinatembea zimepanua viwiko.

Nje, ukungu wa Shimo la Mungu haujanyanyuka bado.
Foleni naijua kwa vikohozi tu.

Nikamsaka Carlito. Si Calibri,
ila kapimwa naye upana kwa upana,
m kwa m, sufuri kwa sufuri,
kama fundi cherehani aliyekosa kitambaa chako
lakini kipimo chako anacho.
Mtandao wa Newala ukajikongoja,
asilimia tisini na moja, ukalala.
Sijaona akahesabu vidole vyake. Ukaamka.
Fc-cache, daftari la fonti likaandikwa upya,
nikauliza tena kwa jina lilelile.
Carlito, ikajibu.

Sufuri zikapanda, zikarudi kwa mwenyewe.
Litunu akabaki na mstari wake,
mtupu, wa haki.

Nikawasha printa. Nilijiona bingwa.
"Na hii nini?" Sijaona ndiye aliyeona:
safu ya *amehakikiwa*, palipotakiwa alama ya vema,
kote pameota u yenye vitone viwili kichwani,
ü, ü, ü, hadi chini,
kama macho ya wakulima wenyewe
yakichungulia dirisha la malipo.

Nikavuta kiti, nianze upya.
"Acha," akasema. Akachomoa kalamu nyweleni,
akaanza kutia vema kwa mkono,
nakala ya kwanza, jina la kwanza.
Elfu mbili aliilipa nusu.