Chatu na Kutu

Lugha moja jina lake Chatu, mwenziwe jina lake Kutu.
Huko zilikozaliwa labda yanapendeza.
Micheweni, ofisi ya ushirika wa mwani,
ukiyataja, Bi Mgeni anatazama kwanza chini ya meza,
kisha juu, kwenye bati.
"Kutu tunayo," akasema. "Hiyo msitununulie."

Tulikuwa watatu: Nasibu wa Chatu, Shaame wa Kutu,
na mie, niliyetiwa kati kama ulimi wa mzani,
nitetemeke mpaka nilalie upande.
Kazi yenyewe si kubwa: jina, kilo, bei, makato, salio.
Wanawake mia mbili na kumi na wanne.
Ungeweza kuiandika kwa makaa ukutani.
Siku ya tatu, hata mstari mmoja hatujaandika.
Nasibu akaegemea dirisha:

Chatu hendi kwa papara, humeza pole kwa pole,
Husomeka kwa ishara, hata na watoto wale,
Kutu yako ya kukera, miezi sita i vile,
Nipe wiki, si hasira, kazi itasonga mbele.

Shaame hakuinua uso.
Alikuwa akipangusa chumvi kwenye vitufe kwa ncha ya shati:

Kutu yangu hukagua, kosa lingali njiani,
Chatu wako hutambua, limeshaingia ndani,
Humeza asichojua, kikamkwama kooni,
Na senti ikipungua, utawaeleza nini?

Walipendeza, wallahi.
Nami nikawaza: hakuna hata moja iliyozaliwa Pemba.
Zote, ukizifunua, zinasema "kama" kwa Kizungu,
"vinginevyo" kwa Kizungu,
na sisi tunagombana
kama warithi wa shamba la mtu mwengine.

Umeme ukakatika.
Bi Mgeni, bila kumuuliza mtu,
akaivua kanga mashine ya pembeni,
ile tuliyokuja kuizika.
Betri ikalia mara moja. Akabofya kwa kidole kimoja.
Riziki Faki, kilo kumi na nne na nusu. Karatasi ikatoka.
"Hii nani kaitengeneza?"
"Sleyum. Yuko Muskati, anapakia makontena.
Mwaka wa saba huu."

Usiku nikaifungua.
Lugha ya herufi tatu, ile ambayo chuoni ukiitaja
wanakucheka kama umevaa viatu vya babu yako.
Fujo tupu. Kuna hesabu_ya_kweli,
na chini yake hesabu_ya_kweli_2.
Kisha, katikati ya makato,
mikwaju miwili imelala ubavu kwa ubavu,
alama ya kuiambia mashine: hapa pita, hapakuhusu.
Na mbele yake, Kiswahili:

namba 88 asikatwe mpaka Mfunguo Tano. kafiwa. usiulize

na mbele kidogo:

masika mwani hunywa unyevu, robo kilo wasameheni

Mfunguo Tano ushapita mara sita.
Nikawaita. Wakasoma wamesimama, mwanga wa kioo videvuni.
"Ovyo," akasema Shaame. Akasoma tena.
"Themanini na nane ni nani?" akauliza Nasibu.
Ile karatasi ya mchana ilikuwa bado mezani:
Riziki Faki, namba 88, makato sufuri.

Shaame, asiyestahamili kosa hata la nukta,
akakivuta kibodi kwake,
akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta,
akakaa hivyo.
Nje mtu alipita na baiskeli isiyo mafuta.
"Si kosa," akasema mwishowe. "Au ni kosa, sijui. Liache."

Lugha tulichagua, kesho yake, kabla ya chai.
Sikwambii ipi, maana utaanza kubisha.
Nakwambia hili tu: mstari wa kwanza tulioandika
ulikuwa ile mikwaju miwili,
na tukanakili kilicho mbele yake
herufi kwa herufi, bila nukta,
mahali ambapo mashine haisomi.