Rimoti

Kila mgeni huulizwa swali moja
kabla hajapewa hata kikombe:
nani alikuonyesha?
Ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nyuma ya karakana ya viatu
ya Eudoro, mjini Valdivia,
mvua ikilicharaza bati
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.

Na kila mgeni humsingizia mtoto.
Hortensia, hakimu mstaafu, alimsingizia mjukuu.
(Mjukuu ana shahada sasa, na ndevu.)
Eudoro alimsingizia mpwa,
mpwa aliyekuwa amelala fofofo kochini, mdomo wazi,
huku mjomba yuko ukingoni mwa kiti,
gundi imemkaukia kidoleni,
akitaka kujua kama barua itafika.

Maana hadithi yote ndiyo hiyo, msitarajie kubwa:
konokono aitwaye Benigno, tarishi,
kofia ya posta, kengele shingoni,
na hakuna barua asiyoichelewesha.
Mwaliko wa harusi humkuta bwana harusi ana wajukuu.
Barua ya deni humkuta mdaiwa ameshatajirika.
Yeye hupangusa ute kwenye bahasha, husema,
"Samahani. Njia ilikuwa nzuri."

Mimi sikuwa na mtoto wa kumsingizia.
Nilikuwa na figo mbili zilizogoma
na kiti cha tatu kutoka dirishani,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
damu yangu ikitoka mwilini na kurudi
kama mtu aliyesahau funguo.

Kiti cha nne: Nolberto Huenchumilla,
dereva wa malori ya magogo,
mikono kama mzigo wake, ulimi usiojua likizo.
Televisheni ilikuwa juu ukutani, imefungwa mnyororo
utadhani ingetoroka kabla yetu,
na rimoti ilikuwa imepotea.
Asubuhi nzima, katuni.
"Mimi," akanguruma Nolberto,
"nimeshuka milima na tani thelathini mgongoni,
nije nife nikitazama konokono?"
Yasna, muuguzi, akainua mabega,
akaendelea kubandika plasta.

Wiki ya kwanza alilaani.
Ya pili alikoroma,
mkoromo wa uongo, jicho moja halikufumba.
Ya tatu, Yasna alipokuja kuchomoa sindano,
mkono ule wa gogo ukainuka:
"Ngoja. Yuko darajani."

Tukangoja. Wodi nzima.
Mashine zililia kwamba zimemaliza, hakuna aliyezijibu.
Benigno alivuka lile daraja kwa dakika kumi na moja.
Sijapata kuona kiumbe akivuka kitu
kwa adabu kiasi kile.

Baadaye Nolberto aliniambia, bila kunitazama,
habari ya barua ya binti yake kutoka Antofagasta,
miaka sita kwenye kijaluba cha lori,
haijafunguliwa.
Hakusema kama aliifungua.
Alisema lori ameliuza,
na kwamba barua haikuwamo kwenye bei.

Kiti cha nne kina mtu mwingine sasa.
Nami nilipata figo, ya mtu nisiyemjua,
usiku wa manane, nilipokuwa nimeacha kuingoja.
Daktari aliomba radhi kwa kuchelewa.
Nusura nimuulize njia ilikuwaje.

Mwezi uliopita mlango wa karakana ukafunguliwa,
akaingia Yasna, mwavuli umepinduka,
nywele zimelowa chapachapa.
Hortensia, kwa sauti yake ile ya mahakamani:
nani alikuonyesha?

Yasna alifungua mkoba.
Akatoa glavu, akatoa pipi za kikohozi,
akatoa kitu cheusi chenye vitufe vilivyofutika,
kimezungushiwa plasta ya hospitali,
akakiweka mezani katikati ya vikombe.

"Nilikuwa naiweka kwenye droo ya glavu," akasema.
"Miaka minne.
Kuna mzee mmoja alikuwa akipenda mpira,
sikumpa hata siku moja."

Mvua iliendelea kudai chake.
Eudoro akasogeza kiti.
Mimi niliigusa ile rimoti kwa kidole kimoja,
pale kwenye kitufe cha kubadilisha.
Kilikuwa hakibonyezeki.