Mkata Maini

Nikiulizwa kazi yangu, nasema: nakata maini.
Watu hucheka. Huuliza ni nani kaumia.
Ghorofa ya pili, mlimani Bugando,
dirisha moja linatazama ziwa, jingine ukuta,
nami nakaa upande wa ukuta
na kisu kinachochana nta nyembamba
kuliko ngozi ya kitunguu, kuliko uongo wa mtoto.

Leo ni ini la Malimi, wa Nyehunge,
kipande kama punje ya mchele.
Hakina jina, kina namba.
Jina nalijua kwa sababu mkewe, Ng'walu,
ana siku ya tatu kwenye benchi la korido
na mapera katika ndoo iliyokuwa ya rangi.

Naweka utando kwenye maji ya uvuguvugu.
Unaelea, unajikunjua makunyanzi.
Natia dawa. Nangoja kahawia.

Humo ndani, katika kila chembe,
kuna jeni lisilojulikana mtaani.
Tumelipa namba, kama mfungwa: hamsini na tatu.
Kazi yake ni kusoma. Chembe ikitaka kugawanyika
hulipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa,
likikuta kosa husema: ngoja, rekebisha.
Makosa yakizidi husema neno moja tu:
kufa.

Na chembe njema hufa. Hufa kwa adabu.
Haipigi kelele, haimwagi kitu uani kwa jirani.
Hukunja mkeka,
hufunga vifurushi vyake vidogo vidogo,
majirani huvibeba kabla hakujapambazuka.
Hakuna matanga.

Lakini Malimi alikula, miaka mingi,
mahindi yaliyolala kwenye unyevu,
karanga zenye vumbi la kijani. Sumukuvu haina ladha.
Na virusi vya homa ya ini vilikuwa vimeshahamia,
labda tangu azaliwe, bila kulipa kodi.
Vikashirikiana. Katika daftari la msomaji mwenyewe
ikageuka herufi.
Moja.
Palipoandikwa *kufa* pakasomeka *kula*.

Zikala.

Natazama kwenye hadubini. Rangi imeiva,
viini vimekolea kama chai ya msibani.
Bugeni, mwanafunzi wangu, anachangamka:
"Walinzi wamejaa tele!"
Hapana, Bugeni. Mlinzi mzima humwoni,
hufanya lake akaondoka.
Huyu anayejazana mlangoni
ndiye aliyeharibika. Hajui tena alitumwa nini.

Kutoa majibu si kazi yangu, ni ya daktari,
na daktari atakuja kesho, au keshokutwa.
Nimenawa mikono, natoka nipate hewa.
Ng'walu anasimama.
"Ini lake limekufa?"

Ningeweza kupita. Nilishawahi kupita,
mara nyingi, nikijifanya nasoma karatasi.

"Hapana, mama. Limesahau kufa."

Ananitazama kama niliyemtukana.
Hapo nikajua nimemkata maini kweli,
bila kisu. Basi namwonyesha kiganja changu,
vidole nimevitanua.
Tumboni mwa mama mkono huu ulikuwa kasia.
Hapa katikati palikuwa na nyama, hai kabisa,
chembe zikaambiwa, zikatii.
Hizi nafasi unazoziona ndipo zilipofia.
Bila hizo nisingeweza kushika kijiko.
Kwa mumeo, anayeziambia amepoteza sauti.

Hasemi kitu. Anautanua wake,
mkono wa kulima mihogo, ukucha mmoja mweusi,
anaugeuza mbele na nyuma,
anapitisha mwanga wa korido kati ya vidole.
Muda mrefu.
Nje huko honi ya kivuko cha Kamanga inalia,
hakuna anayegeuka.

Kisha anauingiza mkono ule ndooni, anipe pera.
La kwanza lina doa laini ubavuni;
analirusha dirishani bila hata kufikiri.
La pili ananiwekea kiganjani.

Nalila nimesimama,
kwenye dirisha la ziwa.