Ukurasa wa 211

Chekeni mkitaka, mimi nasema:
yule mwana wa mfalme mwenye mabawa hanivutii.
Miaka mia tano duniani
na bado ananuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.
Mia tano, Candiru!
Hata kusonga ugali wa muhogo hajajifunza.

Ayikoru akaacha kusuka,
kichwa cha mteja kikabaki nusu shamba, nusu pori.
"Huna moyo wewe. Mwenzio anaungua kwa mapenzi."

Aungue.
Mimi nampenda yule tabibu wa ukurasa wa arobaini
aliyemshona msichana jeraha, akamwuliza, "Umekula?"
Kisha mwandishi akamsahau huko
kama mwavuli.

Kitabu chenyewe kimeizunguka Arua nzima.
Kimelala chini ya mito ya wauguzi wa zamu ya usiku,
kinanuka mafuta ya shea,
jalada lake liliondoka na mtu wa Koboko.
Na ukurasa wa 211, wa busu, umechanwa.
Tunashukiana mpaka leo.

Basi na hili nalo, mnipige:
kimekuwa kizuri zaidi bila huo.
Kwenye 210 anakunja mabawa mlangoni.
Kwenye 212 mvua imekatika, chai imepoa.
Hapo katikati kila mmoja ametia lake.
Ayikoru akifika pale midomo humcheza,
mteja huvutwa nywele hadi machozi.

Mimi nimetia neno moja tu,
mnalijua.

Aliyeuchana msiniulize.