Nyongeza

Tukuyu hakuna kinachokauka upesi.
Sare ya Jumatatu twavaa ingali na ubaridi wa kamba,
na chumvi ya mama, ndani ya kopo la samli,
hutoa machozi hata ukiitilia punje za mchele.

Kopo kama hilo Mwalimu Subilaga aliliweka mezani.
"Iko chumvi nyingine. Sijapata kuiona.
Urani moja, klorini nne,
kijani kilichoiva, kama chai ya Katumba
mvua ikishapita.
Hii yetu inalia. Ile ina kiu.
Ingefunguliwa hapa ingelinywa darasa."

Tukacheka. Ukungu ulikwisha kuingia dirishani,
umekaa dawati la nyuma, na Gwamaka.

Akachora: tanuri,
chumvi inapashwa hadi inakuwa mvuke,
mvuke unapigwa umeme, unatupwa
katikati ya sumaku ndefu kuliko bweni.

"Kona ya kushukia Kiwira mnaijua.
Baiskeli mbili, msukumo mmoja.
Hii ina ndizi mia mbili thelathini na tano.
Hii imezidi tatu.
Ipi itatanua?"

"Yenye tatu!"

"Na nyepesi inakata ndani.
Huko ndani wameitegea kikombe."

Akasema habari za wasichana, wakubwa wetu kidogo tu,
safu kwa safu mbele ya mitambo, nchi ya mbali, wakati wa vita,
wakizungusha vifundo usiku na mchana,
sindano isiende kushoto, isiende kulia,
wala hawakuambiwa wanachota nini.

Tusekile akanyoosha mkono.
"Kilipojaa, mwalimu?"

Chaki ilisimama.
"Hakikujaa," akasema. "Hakikuhitaji kujaa."
Kisha, kama anayemwita mtu jina:
"Mji mmoja."

Akafuta ubao haraka, akaandika upya:
yupo ndugu yake, mwenye klorini tatu;
wapo wanaotaka kumyeyusha, moto wake uchemshe maji,
maji yazungushe mtambo, mtambo uwashe taa.
Tulinakili kwa kuinamia madaftari,
umeme umekatika tangu alfajiri.

Mtihani haukuliuliza hilo.

Sasa nina meza yangu ya ndizi sokoni.
Mteja akishalipa husimama kidogo,
"Haya, mama, nyongeza yangu,"
nami namkatia tatu.
Mkono hunisita kila mara,
naye hudhani mimi ni bahili.