Milimita Tatu

Tuure ameegemeza rula kwenye kioo cha tangi:
katikati kimebenuka milimita tatu.
Jana tatu. Juzi tatu.
"Kioo nacho hupumua," asema, "mradi gundi haijaachia."

Aune hajibu. Anakunja nguo za mtoto.
Nje, Oulu imeganda tangu Novemba;
humu ndani lita mia nne za maji vuguvugu
zinasukuma, zinasukuma, bila kelele,
na samaki wanapita nyuma ya tumbo la kioo
wakinenepa, wakikonda.

Usiku Aune anaamka peke yake,
anabandika kiganja pale palipobenuka.
Pana joto. Pametulia.
Hata hivyo anasogeza kitanda cha mtoto
hatua mbili,
halafu, akifikiri kidogo, ya tatu.